Kuusoma uwanja wa besiboli kabla meli haijang'oa nanga

Mpwa wangu anasomea uchoraji wa majengo. Mwezi uliopita alikuja kwangu Kibokoni, Mombasa, na kompyuta kwapani, akaketi barazani, akanifungulia jedwali: viwanja thelathini vya ligi kuu ya Marekani, kila kimoja na mwaka wake wa kufunguliwa, idadi ya viti na gharama ya ujenzi. Mwalimu wao amewataka walinganishe viwanja vya mchezo mmoja, umbo lake na hali ya ndani, na yeye akachagua besiboli kwa sababu alijua mjomba wake aliwahi kuiona kwa macho.

"Mjomba, lakini hivi vyote vaonekana sawa. Pembe, nyasi, viti."

Nikamwambia jedwali lake ni hesabu ya karani wa godauni. Lakwambia mumo magunia mangapi, halikwambii ndani munanuka nini. Tukakesha. Niliyomwambia usiku ule nimeyaweka hapa kwa yeyote anayetaka kulinganisha viwanja hivi, awe amepata nafasi ya kuingia au anavitazama kwenye kioo cha televisheni tu.

Nilifanya kazi ya sitaha miaka kumi na tisa kwenye meli za magari, hizi zinazoingia Kilindini na magari ya Japani, ndefu kama jumba lisilo na madirisha. Meli ya magari haijui kukaa. Yaingia alfajiri, magari yashuka yakiendeshwa moja moja, usiku yaondoka. Baharia akipata ruhusa ya kushuka, ana saa sita, saba, basi. Yokohama, Kobe, Nagoya, Baltimore, Boston, San Diego: bandari zote hizi ni miji ya besiboli, na mimi sikuwa na pesa za maduka. Tiketi ya mbali kabisa ilikuwa rahisi kuliko chakula cha hoteli. Hivyo ndivyo nilivyozoea kuingia uwanjani na saa mkononi, na mtu mwenye saa tatu tu hujifunza kutazama kwa mpango.

Uliza ukuta umechorwa na nani

Kiwanja cha soka ni mstatili. Ukiuweka Makadara au London utabaki mstatili. Kwenye besiboli mpigaji hupiga kwa gongo mpira anaorushiwa: wadakaji wakiudaka hewani, ametoka; ukivuka ukuta bila kugusa chini, azunguka besi zote nne na alama yahesabiwa. Na mchezo huu una kilichofungwa na kilichoachwa huru, na usipolijua hili ulinganishaji wako wote utakuwa wa rangi za viti.

Kilichofungwa ni hiki: kutoka besi ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, mistari miwili yatoka kwa pembe mraba. Besi hadi besi ni futi 90, yaani mita 27.43. Kutoka kwa mrushaji hadi besi ya nyumbani ni futi 60 na inchi 6. Hayo hayabadiliki Tokyo wala Chicago. Lakini mistari ile miwili ikishaondoka ikaenda zake, ukuta utakaoipokea uwe mbali kiasi gani, mrefu kiasi gani, umenyooka au umepinda, ni shauri la kila uwanja. Tangu 1958 kuna kanuni inayotaka viwanja vipya vya Marekani viwe na futi 325 angalau pembeni na 400 katikati, ila ruhusa ya kupunguza hutolewa, na imetolewa mara nyingi.

Kwa hiyo swali langu la kwanza nikiingia popote: ukuta huu nani ameuchora?

Mara nyingine ni mtaa. Fenway Park ya Boston ilifunguliwa Aprili 1912, na nyuma ya upande wa kushoto palikuwa na barabara ya Lansdowne iliyokuwepo tayari. Nafasi ikaisha mapema, leo ni futi 310. Sasa ukuta ukiwa karibu namna ile na ukiwa mfupi, kila mpigaji atapeleka mpira barabarani. Wakaupandisha. Leo una futi 37 na kidogo, zaidi ya mita 11, yaani nyumba ya ghorofa tatu iliyosimama ndani ya mchezo, imepakwa kijani tangu 1947. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale hashangai. Kwetu nyumba ina bega lililokatwa kwa sababu kichochoro kilikuja kwanza, na hakuna aliyemlaumu fundi. Nenda mbele, tazama matokeo: mpira wa chini uliopigwa kwa nguvu, ambao kwengine ungetoka, hapa wagonga ukuta na kurudi. Mpira wa juu uliopigwa ovyo, ambao kwengine ungedakwa, hapa waangukia ng'ambo na wahesabiwa. Barabara ya 1912 bado yaamua mechi.

Mara nyingine ni jengo. Baltimore waliufungua Oriole Park mtaa wa Camden Yards mwaka 1992, na nyuma ya upande wa kulia kuna godauni la zamani la reli, matofali mekundu, refu kupita futi elfu moja. Lingevunjwa mahali pengine, na lilikuwa likingojea kuvunjwa. Wakaliacha liwe mgongo wa uwanja, na kati yake na viti wakapitisha njia ya miguu yenye vibao vidogo vya shaba chini, kila kimoja pale mpira ulipodondokea. Nilipokiona kile kiwanja mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu. Shimanzi tunayo magodauni ya namna ile, na sijasikia mtu akiyatazama ila anapohesabu kodi. Katika mechi halisi godauni lile halijawahi kugongwa na mpira. Mchezaji Ken Griffey Jr. aliligonga mwaka 1993, lakini yalikuwa mashindano ya kupiga mbali tu.

Ukitaka kuelewa kwa nini Baltimore ilitikisa kila mtu, tafuta picha za viwanja vya miaka ya 1960 na 1970: mviringo wa zege, mchezo wa besiboli na futiboli ya Kimarekani ndani ya sahani moja, kumezungukwa na maegesho ya magari. Baada ya 1992 miji mingi ikarudi kwenye matofali. San Diego mwaka 2004 waliacha jengo la mfanyabiashara wa vyuma la 1909 liingie uwanjani kabisa, na ncha yake iliyopakwa manjano ndiyo nguzo ya mpaka wa uwanja, pembeni kushoto. Pale nilikaa juu ya nyasi nyuma ya uwanja, watoto wakicheza, mchezo wenyewe nikiuona kwa vipande.

Na kuna ukuta wa kumbukumbu. San Francisco ukuta wa kulia una futi 24 kwa sababu mchezaji wao wa zamani Willie Mays alivaa namba 24. Pittsburgh una 21 kwa ajili ya namba ya mchezaji wao Roberto Clemente. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na ukuta wa kujipamba. Houston walipofungua uwanja wao mpya mwaka 2000 waliweka kilima katikati ya eneo la nyuma, mteremko wa nyuzi 30, na mlingoti wa bendera juu yake, humo humo mchezoni, mchezaji akimbie apande. Hapakuwa na kilima pale kabla. Waliking'oa baada ya msimu wa 2016. Mpwa wangu alikipenda, akakichora ukurasa mzima. Nilimwacha.

Kibla na upepo

Msikiti una kibla, na uwanja wa besiboli una chake. Kitabu cha kanuni chapendekeza mstari wa kutoka besi ya nyumbani kupita kwa mrushaji hadi besi ya pili uelekee mashariki, ukivutwa kaskazini kidogo. Sababu ni jua la alasiri: mpigaji, ambaye mpira wamjia kwa kasi ya gari la barabara kuu, asipigwe na jua machoni. Basi ukiingia, toa simu, fungua dira, simama nyuma ya besi ya nyumbani. Halafu jua nani analipa gharama. Kwa kawaida ni mdakaji wa nyuma kulia na watazamaji wa upande wa besi ya kwanza. Upande wa besi ya tatu hupata kivuli mapema. Hilo peke yake laeleza kwa nini upande mmoja wa uwanja watu wamevaa kofia na wamenyamaza, na upande wa pili wanapiga gumzo. Mimi tiketi yangu siku zote ilikuwa ya juani.

Sisi watu wa kaskazi na kusi hatuhitaji kufundishwa upepo, ila wengi wakifika uwanjani husahau kuutafuta. Tafuta bendera. Wrigley Field ya Chicago, ya 1914, nimeiona kwenye kioo tu kwa sababu meli ya magari haipandi maziwa yale, lakini kila mechi macho yangu huenda kwanza kwenye bendera zilizo juu ya ubao wa matokeo. Upepo ukitoka ziwani wausukuma mpira ndani na wapigaji wahangaika. Ukigeuka ukavuma kutoka kusini magharibi, ni siku ya mipira kupotea mitaani. Uwanja ule ule, siku mbili, michezo miwili. Ukuta wake wa matofali umefunikwa na mmea wa kutambaa uliopandwa 1937, na mpira ukinasa ndani ya majani mdakaji ainua mikono tu, mpigaji apewa besi mbili. Hadi Agosti 1988 hawakuwa na taa. Mechi zote za nyumbani zilichezwa mchana.

Koshien, kati ya Osaka na Kobe, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ni uwanja wa 1924, na mwaka ule ndio ulioupa jina, kwa kalenda yao ya zamani. Bahari iko karibu, na upepo wake wavuka uwanja kutoka kulia kwenda kushoto. Mpigaji wa mkono wa kushoto aupiga mpira vizuri kuelekea kulia, wapaa, halafu waona kama mtu ameukamata shati. Nilikuwa nimeketi juu kabisa na mzee mmoja wa Kijapani. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata neno. Mpira ulipokufa hewani alinigeukia akanyoosha kidole upande wa bahari. Nikamnyooshea na mimi.

San Francisco chukua sweta hata Julai, nasema kwa aliyezaliwa pwani hii.

Viwanja vya paa vina somo lao. Houston mwaka 1965 walifungua uwanja wa kwanza mkubwa wenye paa kamili, wakapanda nyasi ndani na kuweka vioo vya plastiki juu ili jua liingie. Jua likaingia. Wadakaji wakawa hawauoni mpira kwa mng'aro. Wakapaka vioo rangi, nyasi zikafa. Msimu wa 1966 wakatandika nyasi bandia, na zikaenea dunia nzima, zikafika hata kwenye viwanja visivyo na paa. Nikiingia uwanja wa paa hutafuta kitu kimoja: je, mtu aliye ndani ajua kama nje ni mchana? Nagoya hujui. Seattle paa lao la kusogea lafunika kama mwavuli, pembeni pako wazi, na honi za treni zaingia.

Denver nayo si upepo bali ni urefu wa mahali, futi 5,280 juu ya bahari, na kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau unaoonyesha kimo hicho hasa. Hewa nyepesi yaupeleka mpira mbali, ndiyo maana uwanja ni mpana mno, na tangu 2002 mipira huwekwa kwenye chumba chenye unyevu. Mpwa wangu hakuamini nilipomwambia Nairobi iko juu zaidi ya hapo.

Kaa mahali patatu

Usilinganishe kiti cha nyuma ya besi ya nyumbani cha Boston na kiti cha juu kabisa cha Yokohama. Chagua mahali patatu na ukae hapo hapo kila uwanja: awamu tatu za mwanzo juu na mbali, tatu za katikati pembeni usawa wa besi ya tatu, tatu za mwisho nyuma ya ukuta, pamoja na watu wa tiketi rahisi. Mchezo una awamu tisa, na walinzi wengi hawamsumbui mtu anayesogea kwa adabu kwenye viti vitupu. Wengine humsumbua. Omba radhi, rudi kwako.

Ukiwa juu, angalia mtaa. Pittsburgh waona mto na daraja la manjano lenye jina la Clemente, ambalo siku ya mechi hufungwa magari na kuachiwa watu. San Francisco waona ghuba na mitumbwi ikingojea mipira majini, na nyuma ya ukuta wa kulia kuna njia ya umma ambapo mpita njia huruhusiwa kusimama na kutazama bure kupitia uwazi uliowekwa makusudi. Ningekuwa mchoraji, hicho ndicho kitu cha kwanza ningekiiba. Fikiria ufuoni Mama Ngina, watu na mihogo yao ukutani, na mchezo ukichezwa upande wa pili wa wavu.

Ukiwa pembeni, pima kwa macho umbali kati ya kiti cha kwanza na mstari. Viwanja vya zamani vya mjini vilibana viti hadi waweza kusikia mchezaji akilalamika. Coliseum ya Oakland, ambayo timu yake iliondoka baada ya msimu wa 2024, ilikuwa na eneo kubwa mno nje ya mistari, mipira mingi ilidakwa pale, na mtazamaji alikuwa kama yuko ng'ambo ya Likoni. Ukaribu una bei yake: Fenway viti ni vyembamba na nguzo za paa huziba mtu. Angalia tiketi kabla ya kulipa.

Ukiwa nyuma ya ukuta, acha mchezo kidogo utazame waliokaa. Hapa ndipo barazani pa uwanja. Wanajuana, wana viti vyao vya miaka, wanajua mchezaji fulani mkewe amejifungua lini.

Funga macho awamu moja

Hili mpwa wangu alidhani nafanya mzaha. Chagua awamu ya nne au ya tano, mchezo ukiwa umetulia, funga macho, sikiliza mwanzo hadi mwisho.

Marekani utasikia mazungumzo. Watu elfu thelathini wakiongea mambo yao, muuza njugu akipita, kinanda kikidokeza. Halafu gongo la mbao lapiga mpira, kavu, na kuna kimya cha nusu pumzi, kwa sababu kila mtu anapima mpira unakwenda wapi. Kisha mvumo. Kile kimya ndicho cha kulinganisha. Uwanja ambao kioo kikubwa chapigia watu kelele za kuwaamuru wapige makofi, kile kimya kimeuawa. Kuna mji mmoja, sitautaja, nilihesabu sekunde kumi tu bila tangazo. Baltimore wana lao: wimbo wa taifa ukifika mahali fulani, uwanja mzima wapaza sauti moja, "O!", kwa ajili ya timu yao, Orioles. Mara ya kwanza niliruka.

Japani ni jambo jengine kabisa. Kila mpigaji ana wimbo wake, na tarumbeta na ngoma zake. Timu yako ikiwa inapiga, mwasimama na kuimba bila kukoma. Zamu ikigeuka, mwaketi, na upande wa wageni wasimama waimbe wao. Kelele yahama kutoka upande hadi upande, na hakuna anayemwingilia mwenzake. Nilichokumbuka ni maulidi, matari yakipigwa upande huu na upande wa pili ukipokea, kila mtu ajua mahali pake pa kuingia bila kuambiwa. Koshien wakati wangu, kabla ya zamu yao ya awamu ya saba, waliachia maelfu ya baluni kwa pamoja zikapaa zikipiga miluzi. Nina umri huu na sijaona tena kitu kama kile.

Yokohama ni ule ule utaratibu kwenye uwanja mdogo wa 1978 uliowekwa katikati ya bustani ya mji, dakika tano kwa miguu kutoka stesheni ya Kannai. Sauti hutoka nje ikaenda barabarani. Wasioingia hukaa bustanini, waisikiliza mechi kwa wimbo: wakijua ni wimbo wa nani, wajua nani anapiga.

Chakula nitapita haraka. Usiandike tu kinachouzwa. Andika kinakufikia vipi. Japani wasichana hupanda ngazi na mitungi ya bia mgongoni, wakitabasamu kwa awamu tisa, kazi ya punda. Mimi nilinunua chai ya baridi, na Koshien ni wali wa kari. San Francisco harufu ya viazi vya kitunguu saumu yakufikia kabla ya uwanja wenyewe. Marekani wakati wangu muuza njugu alirusha pakiti juu ya vichwa vya watu kumi na pesa zikarudi mkono kwa mkono, na sikuona hata sarafu ikipotea.

Usiondoke na wengine

Mechi ikiisha, baki robo saa. Angalia watu wanamwagika vipi. Dodger Stadium ya Los Angeles, ya 1962, yaingia watu 56,000, na imekaa juu ya kilima kati ya maegesho mapana. Pale palikuwa na mitaa ya watu, wengi wenye asili ya Meksiko, walioondolewa miaka ya 1950. Nimeusoma uwanja ule kwenye picha, ni mzuri, mistari safi, milima nyuma. Lakini mechi ikiisha kila mtu yuko peke yake ndani ya gari lake. Linganisha na Yokohama, ambapo umati wapita bustanini ukiimba bado hadi kwenye treni, au Pittsburgh darajani.

Onyo la mwisho wa mechi: jua gari lako la kurudi bandarini laondoka saa ngapi. Mji mmoja nilikosa la mwisho, nikatembea saa moja na nusu kando ya uzio wa makontena, nikafika ngazi ikiwa karibu kupandishwa. Bosi wa sitaha hakusema kitu, alinionyesha saa yake tu.

Kama uko Mombasa na huendi popote

Mechi za Japani za saa kumi na mbili jioni ni saa sita mchana kwetu. Za pwani ya mashariki ya Marekani za jioni, wakati wao wa kiangazi, huanza kama saa nane usiku, za kujua mwenyewe. Zile za mchana wao ndizo nzuri: saa saba mchana Baltimore ni saa mbili usiku hapa, umeshakula, umeswali isha.

Mwanzo wa mechi zima sauti ya mtangazaji kama waweza, acha ya uwanja. Subiri picha ya kutoka juu, kisha ifanye isimame.

Halafu chora. Chukua karatasi nyembamba zinazoonyesha ng'ambo, saizi ya A4, na kila uwanja uupe karatasi yake. Milimita moja iwe mita moja. Besi ya nyumbani iwe nukta ile ile kwenye kila karatasi, chini katikati, na mistari miwili ifunguke kwa pembe mraba. Besi hadi besi itakuwa milimita 27 na nusu. Uwanja mzima utaenea, kwani hata futi 400 ni milimita 122 tu. Fungua ramani ya setilaiti, pima ukuta kila unapopinda, weka nukta, unganisha. Chora na barabara ya nje, mto, reli, jengo. Mshale wa kaskazini usisahau, na wa upepo kama waujua.

Mpwa wangu alichora vinne: Boston, San Francisco, Koshien, Yokohama. Ikafika saa saba usiku, akazipanga moja juu ya nyengine dhidi ya taa. Ya San Francisco akaigeuza, maana ukuta wake wa karibu uko kulia. Akanyamaza.

"Mjomba, nukta zote zaangukia pamoja."

Ndivyo. Futi 310 za Boston, futi 309 za San Francisco, mita 95 za Koshien, mita 94 za Yokohama. Kwenye jedwali lake ni namba moja imeandikwa mara nne. Pale nukta inapoangukia, Boston pana ukuta wa mita 11 na barabara nyuma yake. San Francisco pana matofali ya futi 24 na maji. Koshien pana uzio mfupi na upepo wa bahari unaoamua uwe na nani. Yokohama pana watu wanaopiga tarumbeta, na nyuma yao bustani.

"Sasa niifanyeje?"

Nikampa karatasi nyengine nne, nikamwambia azichore kuta zimesimama.